Mafuriko ya bondeni huanzia kilimani

Mvua kubwa ikinyesha usiku Dar es Salaam, wakazi wa mji huu hugawanyika mafungu mawili. Lipo fungu la wanaolala, na lipo fungu la wanaokesha wakisikiliza mto. Mimi ni wa fungu la kwanza. Nyumba yangu ipo kilimani, upande wa Kinyerezi, na mvua ikianza kupiga bati mimi huvuta shuka nikashukuru Mungu kwa ubaridi. Dada yangu mkubwa ni wa fungu la pili. Yeye amejenga bondeni, si mbali na Jangwani, na mvua ileile inayonipa mimi usingizi humfanya yeye apandishe unga na magodoro juu ya meza.

Leo nataka kuzungumza juu ya fungu hizi mbili, na juu ya picha zinazopigwa kutoka angani. Picha hizo zimenifundisha jambo ambalo dada yangu alikwisha kuniambia miaka mingi iliyopita, nami sikutaka kulisikia.

Wengi wenu mnakumbuka Desemba 2011. Sherehe za miaka 50 ya Uhuru zilikuwa zimemalizika siku 11 tu nyuma, na bendera ndogo zilikuwa bado zinapepea barabarani. Tarehe 20 ikanyesha mvua ambayo mji huu ulikuwa haujapata kuiona tangu nchi ipate uhuru. Mto Msimbazi ukaacha njia yake. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, na maelfu wakabaki bila makazi. Serikali ikawapeleka wengi wa waathirika Mabwepande, nje kabisa ya mji upande wa kaskazini, wakapewa viwanja na mahema. Baadhi yao walibaki huko. Wengine walirudi bondeni, maana riziki yao ilikuwa Kariakoo, na Mabwepande hakuna Kariakoo.

Siku ile maji yalifika kwenye dirisha la dada yangu. Nilipompata kwa simu nilimfokea, jambo ambalo mdogo mtu hapaswi kulifanya kwa mkubwa wake. Nilimwambia: "Dada, tulikwambia uhame, ukakataa. Nyinyi watu wa bondeni ni wakaidi." Alinyamaza kidogo, kisha akanijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Mdogo wangu, maji haya hayakunyesha hapa kwangu. Yametoka huko kwenu."

Nilidhani anatafuta wa kumlaumu. Sikumjibu.

Sasa nije kwenye hizo picha. Sisi watu wa Afrika Mashariki si wageni wa mambo ya setilaiti. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti moja kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Uhuru wa Kenya, setilaiti hiyo ikaitwa Uhuru. Lakini Uhuru ilitazama juu, kwenye nyota. Miaka miwili baadaye, mwaka 1972, Wamarekani wakarusha ya kwanza katika mfululizo unaoitwa Landsat, na kazi yake ikawa kutazama chini, kwenye ardhi hii tunayolima na kujenga. Mwaka 1975 nchi zetu zikaanzisha kituo cha pamoja mjini Nairobi cha kushughulikia upimaji, ramani na picha za namna hiyo, na Tanzania ni mwanachama wake.

Kijana mmoja mpima ardhi ndiye aliyenionyesha picha za mji wetu. Nilikwenda ofisini kwake kwa shughuli nyingine kabisa, habari ya mpaka wa kiwanja, nikamkuta ameweka picha tatu kwenye kompyuta. Ya kwanza ilikuwa ya miaka ya 1980, ya pili ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ya tatu ya karibuni. Nilishtuka kuona ile ya kwanza imejaa rangi nyekundu. Nikamwuliza: "Mwanangu, hatari yote hii ilikuwepo tangu zamani?" Akacheka. Akaniambia: "Hapana mzee, hiyo nyekundu ni majani na miti."

Akanieleza, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Setilaiti haioni kama jicho la mtu. Inapima mwanga unaorudi kutoka ardhini, pamoja na aina ya mwanga ambayo sisi hatuioni. Jani bichi hurudisha mwanga huo kwa wingi sana. Maji huumeza. Saruji, bati na udongo mtupu kila kimoja kina tabia yake. Wataalamu huupa mwanga huo usioonekana rangi nyekundu ili wauone, na ndiyo maana msitu huonekana mwekundu na mji huonekana wa kijivu. Picha yenyewe imegawanyika vipande vidogo vya mraba, kama vigae vya sakafuni. Katika picha za Landsat tangu miaka ya 1980 kigae kimoja ni mita 30 kwa mita 30. Katika zile za setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, kigae ni mita 10 kwa 10. Kompyuta huulizwa juu ya kila kigae: hapa kuna nini? Miti? Shamba? Maji? Nyumba? Majibu yote yakikusanywa, mnapata ramani ya matumizi ya ardhi. Mkifanya hivyo kwa picha ya jana na ya leo, mnaona ni wapi shamba limegeuka kuwa paa.

Sasa angalieni Mto Msimbazi. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, ukapita kandokando ya Kinyerezi, Tabata, Vingunguti na Kigogo, ukafika Jangwani, na kumwaga maji yake baharini karibu na daraja la Selander. Njiani hupokea vijito vya Ubungo, Luhanga na Ng'ombe. Katika picha ya kwanza ya kijana yule sehemu ya juu yote ya mto ilikuwa nyekundu: mikorosho, minazi, mashamba ya mihogo, na misitu ya Pugu. Katika picha ya pili wekundu ule ulikuwa umetoboka kama nguo iliyoliwa na mende. Katika picha ya tatu ukijivu ulikuwa umepanda vilima na kushuka upande wa pili.

Si ajabu. Hesabu ya watu ya mwaka 1978 iliwakuta Dar es Salaam watu 843,000 hivi. Ya mwaka 2012 iliwakuta zaidi ya milioni 4.3, na ya mwaka 2022 zaidi ya milioni 5.3. Watu hao wote hapana budi walale mahali. Na mpango mkuu wa mji uliotungwa mwaka 1979 uliendelea kutumika kwa zaidi ya miongo mitatu bila mwingine kuchukua nafasi yake, wakati mji uliokuwa ukipangwa ulikwisha kuvuka mipaka ya karatasi yenyewe.

Kijana akasogeza picha, akaweka kidole. "Hapa ni kwako, mzee."

Nikatazama. Katika picha ya kwanza pale kwangu palikuwa pekundu. Nikakumbuka maembe. Niliponunua kiwanja kile palikuwa na miembe mitatu na mkorosho, na majani yaliyofika magotini. Nilikata miembe miwili kupisha msingi, na wa tatu kwa sababu majani yake yalichafua ua. Kisha nikajenga ukuta. Kisha, kwa kuwa matope yalinichosha na majirani wote walikuwa wamefanya hivyo, nikamwaga zege ua mzima hadi getini, nikaliinamisha kidogo ili maji yatoke haraka. Nilijisifu kwa kazi ile. Mvua ikikatika, baada ya dakika tano ua wangu ni mkavu.

Yale maji yalikwenda wapi? Hilo sikupata kujiuliza.

Tufanye hesabu ya shule ya msingi. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mita za mraba 400. Ikinyesha mvua ya milimita 50 kwa siku moja, na mvua ya namna hiyo si kioja katika masika ya Dar es Salaam, kiwanja hicho hupokea lita 20,000 za maji. Ni madumu 1,000 ya lita ishirini. Palipo na miti, majani na udongo laini, sehemu kubwa ya maji hayo hunywewa na ardhi, na yanayobaki hutembea polepole. Palipo na bati na zege, karibu yote huondoka, tena kwa haraka. Kwa hiyo mimi peke yangu, mtu mmoja mwenye heshima zake, ninaweza kwa siku moja ya mvua kumpelekea dada yangu madumu 1,000 ya maji ambayo hakuyaomba. Na jirani yangu madumu 1,000. Na jirani wa jirani yangu. Vilima vyote vya upande ule vimejaa watu kama sisi.

Wahenga walisema nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Nawaambieni, wasikilizaji, picha ya setilaiti ni kioo cha nyani.

Ndiyo maana nasema mafuriko ya bondeni huanzia kilimani. Siku zote tunapozungumzia mafuriko tunawazungumzia waliojenga bondeni, na ni kweli kwamba wapo mahali pa hatari. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni vigae viwili tu vya Landsat. Hata mtoto anaweza kuvihesabu kwenye ramani. Lakini tukiishia hapo tumeona nusu ya picha. Aliyejenga ndani ya vigae hivyo viwili anaonekana kwa urahisi, na nyumba yake hupigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Sisi tuliojenga katika maelfu ya vigae vya juu hakuna anayetupiga X.

Wala si wananchi peke yao waliolidharau bonde. Karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa palepale Jangwani, na tangu mabasi hayo yaanze kazi mwaka 2016 imeingiliwa na maji mara kadhaa. Maji hayakuuliza kama yule aliyejenga ana kibali au hana.

Sasa nitoe tahadhari, maana sitaki mtu aondoke hapa akidhani setilaiti ni mganga ajuaye yote. Inakosea. Kwanza, bati lililopata kutu na udongo mwekundu mtupu hufanana sana vikitazamwa kutoka umbali wa kilomita 700, na kompyuta huweza kuita uwanja wa mpira nyumba, au mtaa mzima udongo. Pili, nyumba iliyofunikwa na mwembe haionekani. Tatu, siku za masika, ndizo tunazohitaji kuona zaidi, mawingu huziba. Zipo setilaiti nyingine zinazotumia rada, kama Sentinel-1 iliyorushwa mwaka 2014, na hizo hupenya wingu na kuona maji yaliyotuama. Lakini katikati ya nyumba zilizobanana hata hizo hubabaika. Nne, vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kutoka angani mwaka 2000 vinaweza kukosea kwa mita kadhaa. Kwa mlima Kilimanjaro mita tatu si kitu. Kwa Jangwani mita tatu ni tofauti ya aliye hai na aliyekufa maji.

Kwa hiyo lazima mtu ashuke chini akaulize. Na hapa Dar es Salaam jambo hilo limefanyika, tuna haki ya kujivunia. Kuanzia mwaka 2015, katika mradi ulioitwa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitembea mitaani pamoja na wakazi wenyewe, wakachora nyumba, vichochoro, mitaro na makalavati, na mahali pengine wakarusha ndege ndogo zisizo na rubani kupiga picha za karibu. Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba waliwauliza wenyeji: maji yalifika wapi? Mama akaonyesha ukutani, hapa. Alama ile ya mkono wa mama ukutani ni kipimo ambacho hakuna setilaiti inayoweza kukitoa.

Vitu hivyo vitatu vikiwekwa pamoja, picha ya angani, vipimo vya ardhini, na kumbukumbu ya wenyeji, mnapata ramani ya hatari yenye kuaminika. Hapo mnaweza kuona mengi zaidi ya mafuriko. Mtaonyeshwa ni vyoo vya shimo vya mtaa gani vitakavyofurika, au vitakavyotapishwa usiku ule wa mvua, na uchafu wake utaelekea kisima gani. Mwaka 2015, mwezi wa Agosti, kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam, habari ya namna hiyo ilikuwa na thamani kuliko dawa. Mtaonyeshwa pia mahali ambapo uchimbaji wa mchanga unakula kingo za mto, na mtaa usio na mti hata mmoja, ambako joto la mchana hukaa katika mabati hadi usiku wa manane.

Lakini ramani ni kama kisu cha jikoni. Yategemea nani amekishika na anakata nini. Nimeona namna mbili za kuitumia. Mwezi Desemba 2015 nyumba nyingi za bonde la Msimbazi zilibomolewa, watu wakabaki wamekaa juu ya vyombo vyao kabla ya Krismasi. Kwa waliobomolewa, ramani ilikuwa karatasi ya kuwafukuza. Hawakupata kuiona siku waliponunua viwanja. Waliiona siku ya tingatinga. Namna ya pili ndiyo inayokusudiwa na mradi wa Bonde la Msimbazi uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022, ambao ndani yake mna kulipa fidia wakazi, kupanua mkondo wa mto, kuinua daraja la Jangwani na kuacha bonde liwe bustani ya mji. Huo nauunga mkono. Ila nawaomba wanaousimamia wasisahau kwamba mto hauanzii Jangwani. Mkipanua chini huku juu tukiendelea kumwaga zege, baada ya miaka ishirini mtapanua tena.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo matatu.

La kwanza, ramani hizi zibandikwe ukutani katika kila ofisi ya serikali ya mtaa. Picha za Landsat hutolewa bure tangu mwaka 2008, na za Sentinel ni bure pia, kwa hiyo kisingizio cha bei hakipo. Mtu anapokuja na hati ya mauziano apate kugongewa muhuri, mwenyekiti amgeuzie uso ukutani na kumwambia: tazama kwanza unanunua nini. Ramani ionekane kabla ya fedha kutoka mfukoni, si baada ya nyumba kusimama.

La pili, kibali cha ujenzi kilimani kiulize swali moja zaidi. Kisiulize vyumba vingapi tu na choo kipo wapi. Kiulize maji ya mvua ya kiwanja hiki yatakwenda wapi. Anayeezeka paa kubwa awe na tangi la kukinga au shimo la kunyonya maji. Na misitu iliyobaki ya Pugu na Kazimzumbwi ihesabiwe kuwa ni sehemu ya mitaro ya mji, maana inafanya kazi ya mitaro bila kudai mshahara.

La tatu ni letu sisi wenyewe, tunaolala mvua ikinyesha. Tuache kuwaita wenzetu wakaidi. Dada yangu hakujenga bondeni kwa kupenda mbu. Alijenga pale kwa sababu anauza vitumbua Kariakoo alfajiri, na kutoka pale anakwenda kwa miguu. Atakayemtaka ahame ampe mahali ambapo vitumbua vyake vitafika sokoni vikiwa vya moto.

Mimi nimeanza. Si kwa kujigamba, maana nimechelewa sana. Nimevunja zege la nusu ya ua wangu. Fundi aliniuliza kama nimepata wazimu, kwa kuwa ndiye aliyelimwaga. Nimechimba shimo, nikalijaza mawe, na mfereji wa paa nimeuelekeza kwenye tangi. Nimepanda mwembe mmoja. Matope yamerudi, na mke wangu analalamika kila siku ya mvua. Nikipiga hesabu, sijamwondolea dada yangu hata nusu ya madumu yale.

Nilimpigia simu nikamweleza habari ya picha, ya vigae na ya rangi nyekundu. Nikamwambia: "Dada, ulisema kweli siku ile. Maji yalitoka kwetu." Alicheka kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza: "Kumbe mpaka mrushe chombo juu ya mawingu ndiyo mnisadiki?"

Ndugu wasikilizaji, swali hilo sikuwa na jibu lake, na nawaachieni nanyi mlitafakari hadi wiki ijayo. Mvua ikinyesha usiku wa leo na ukajikuta unavuta shuka, jiulize maji ya ua wako yanagonga mlango wa nani.